Vitu vya Ndani

"Machini itapona, vye," fundi aliniambia. "Ila vitu vya ndani vitaenda. Niformati?"

Neno la mwisho hakulielekeza kwangu. Alimtazama mdogo wangu, aliyesimama mlangoni mwa kibanda, mikono mifukoni, akiangalia barabara kana kwamba swali lilikuwa la mtu mwingine. Ilikuwa Agosti 2024, Butembo, upande wa soko kuu. Juu ya meza ya fundi kulikuwa na simu tatu zilizofunuliwa migongo, chuma cha kuyeyushia risasi kikifuka moshi juu ya kopo la sardini, na katikati ya vyote hivyo PlayStation 3 ya nyumbani kwetu Luofu, imevuliwa kifuniko, feni yake imevaa vumbi zito kama soksi.

Vumbi hilo nililijua. Ni la barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Goma, ikapanda Kanyabayonga, ikapita Kayna, Kirumba na Lubero hadi kufika huku kwetu. Tarehe 28 Juni Kanyabayonga iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na siku mbili hazikupita kabla Kirumba nayo haijaanguka. Luofu iko kando kidogo ya njia hiyo, katika milima ya Batangi, lakini vita havihitaji kupita mbele ya mlango wako ndipo uondoke. Watu wetu walikwisha kujifunza hesabu hiyo tangu Aprili 2009, waasi wa FDLR walipokuja usiku wakaichoma Luofu. Mamia ya nyumba ziliungua, na watoto walikuwa ndani ya baadhi yake. Tangu hapo mtu wa Luofu akisikia milio upande wa pili wa kilima, haulizi nani anapiga. Anauliza viatu viko wapi.

Mama alibeba kadi za uchaguzi, maana Kongo hii kadi hiyo ndiyo kitambulisho chetu. Alibeba diploma yangu ya leta, ya kumaliza sekondari, ndani ya mfuko wa plastiki, hati ya shamba, sufuria mbili zilizopandana, na mfuko wa maharagwe ya mbegu. Mdogo wangu Kasereka alibeba machini. Aliivisha sweta, akaitia ndani ya begi la shule, akalifunga begi kifuani badala ya mgongoni, kama wanawake wabebavyo mtoto mgonjwa wanapotaka kumwona uso. Walitembea, kisha wakapata pikipiki, kisha wakatembea tena. Zaidi ya kilomita 100. Mama hakumwambia neno juu ya mzigo ule. Mimi ningemwambia.

Nilimwambia, kwa kweli, siku walipofika. Chumba changu cha kupanga kilikuwa kimejaa watu saba, jirani mmoja wa Luofu alikuwa bado anamtafuta mume wake, na mdogo wangu anachomeka waya kwenye televisheni ya mwenye nyumba. Nikasema maneno ambayo mkubwa husema. Hakujibu. Alibonyeza, taa ikawa ya kijani, na kioo kikaandika kwamba mpangilio wa faili kwenye diski umeharibika na utarekebishwa. Akabonyeza ndiyo. Mstari ukatembea, ukafika mwisho, machini ikajizima, ikajiwasha, ikaandika maneno yaleyale. Alirudia mpaka kuran ya umeme ikakatika. Kesho yake akarudia tena. Kwa wiki tano hakutaka fundi aiguse.

*

Kasereka, kwetu Wanande, ni jina la mtoto wa kiume wa tatu. Mumbere ni wa kwanza, Kambale wa pili, na wa nne ni Kakule. Kwa hiyo jina halimtambulishi mtu sana; liite kwa sauti katika soko la Butembo, na vichwa ishirini vitageuka. Lakini ndani ya machini alikuwamo Kasereka mmoja tu. Katika PES 2018, mchezo wake wa mpira, kuna namna ya kucheza ambapo huongozi timu nzima. Unaumba mchezaji mmoja, unampa jina, urefu na mguu anaoupenda, kisha unaishi naye tangu akiwa kijana wa akiba hadi astaafu. Huyu wa ndani alianza na miaka 17, jezi namba 7, na kocha alikuwa akimwacha benchi. Alicheza misimu tisa. Juni 2024 alikuwa na miaka 26, nahodha, anazungumziwa kuuzwa. Wa nje alikuwa na miaka 19, amemaliza D6, darasa la mwisho la sekondari, hana kazi, na hajawahi kuvuka mpaka wowote. Mkubwa kati yao alikuwa yule wa ndani.

Nilikuwa sijui hayo. Niliambiwa njiani kwenda kwa fundi, kwa mafungumafungu, yeye akitembea nusu hatua mbele yangu ili nisimwone uso. Magoli alikuwa na 214. Namba hiyo aliitaja mara mbili.

"Kwa nini hukukopi kwenye flashi?" nikamwuliza. PS3 inaruhusu kunakili faili nyingi za mchezo kwenye flashi, ingawa baadhi zimefungwa zisitoke.

"Flashi ilikuwa na nyimbo za kwaya, yaya."

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Nakala ya akiba ni kazi ya mtu anayeamini kuna hasara inakuja lakini hajaanza kukimbia, na hali hiyo kwetu haidumu muda mrefu. Ukiwa na amani unaweka kwaya kwenye flashi. Amani ikiisha, flashi unaisahau juu ya dirisha.

Kibandani nilijaribu ujanja wa mtu asiyejua kazi. Nikamwambia fundi: hiyo diski si ya laptop ya kawaida tu? Itoe, ichomeke kwenye kompyuta, tuchukue faili yetu. Alicheka kwa upole, kama daktari anayeambiwa dawa na mgonjwa. Diski kweli ni ya laptop, inchi mbili na nusu. Lakini kila PS3 huandika kwa ufunguo wake yenyewe, na ufunguo uko ndani ya bodi ya machini ileile. Kompyuta haioni kitu humo ila uji. Hata PS3 nyingine, pacha wake kabisa, ikipewa diski hiyo itaomba kuifuta ndipo iitumie. Diski na bodi ni mke na mume wa kanisani, akasema. Sasa diski ilikuwa imeanguka na kugongwa huko njiani, sehemu zake zimekufa, na sehemu hizo, kwa bahati yetu, ndizo zilizokuwa na daftari la kuonyesha kila kitu kiko wapi.

*

Mimi nilikulia enzi ya kitu kinachotoka.

Mwaka 2010 Luofu ilikuwa na sali ya play moja ninayoikumbuka vizuri: chumba cha mbao, sakafu ya udongo uliopigwa, televisheni yenye tumbo kubwa, jenereta nje iliyofungwa mnyororo kwenye mti wa parachichi. PlayStation 2, maneti mbili za kuchezea, moja ikiwa na kidole kilicholegea ambacho kila mtu alimwachia mgeni. Mechi moja franka 100. Mchezo ulikuwa PES 6, wa mwaka 2006, lakini sisi hatukuhesabu miaka hivyo; ulikuwa mpya kwa sababu uko mbele yetu.

Katika PES ya wakati ule, ukianza Master League unapewa kikosi cha watu wasiokuwapo duniani: Castolo, Minanda, Ximelez, na golikipa anayeitwa Ivarov. Hawana nchi unayoweza kwenda kuwatafuta. Ni wazito, wanapoteza mipira, na baada ya mwezi unawapenda kuliko ndugu zako. Nadhani yuko mzee fulani Luofu aliyedhani Castolo ni kijana wa Kirumba, kwa jinsi tulivyomsema.

Kisha TP Mazembe wakatufanyia jambo. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, waliifunga Internacional ya Brazili 2-0 wakaingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, klabu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Inter ya Milano iliwafunga 3-0 tarehe 18, lakini nani aliyejali. Likizo hiyo nilikaa sali siku nne nikibadilisha klabu moja ya ndani ya mchezo kuwa Mazembe: jezi nyeusi na nyeupe, Kabangu, Kaluyituka, na Kidiaba golini na ndevu zake. Kitu kimoja mchezo haukuweza kukipokea, ile furaha ya Kidiaba ya kuruka kwa makalio uwanja mzima. Kwa hiyo Mazembe ikifunga ndani, sisi tuliruka nje, kwenye sakafu ya udongo, na mwenye sali akitukana kwa Kinande kwamba tunamwinulia vumbi kwenye lenzi.

Yote hayo yaliishi kwenye kadi nyeusi ndogo kama kiberiti, megabaiti 8. Sali ilikuwa na kadi moja ya watu wote, na hapo ndipo palipokuwa na siasa. Kadi ikijaa, lazima mtu afutwe. Nimeona vijana wakipigana ngumi kwa sababu mmoja alifuta msimu wa mwenzake usiku ili ahifadhi wake. Na ilikuwapo dakika ya hatari iliyotufanya sote tunyamaze: kioo kinaandika kwamba kinahifadhi, usitoe kadi, usizime, na wakati huohuo jenereta nje inaanza kukohoa. Mtu mmoja hukimbia na chupa ya petroli. Wengine hushika pumzi, kana kwamba pumzi zetu ndizo zinazozungusha injini. Jenereta ikizimika katikati ya kuhifadhi, faili hufa. Si ile ya leo tu, na ya jana pia.

Nilichoma makaa likizo nzima, nikauza, nikanunua kadi yangu Kirumba. Nilipokuja Butembo kusoma niliondoka nayo mfukoni, bila PlayStation, bila mpango. Kumbukumbu yako unaichomoa, unaondoka. Mashine inabaki na mwenyewe.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Michezo ya kwanza haikumkumbuka mtu. Ukizima umekufa, kesho unazaliwa upya. Baadaye mingine ikakupa maneno ya siri ya kuandika kwenye karatasi, na ukikosea herufi moja umefungiwa nje. The Legend of Zelda ilitoka Japani mwaka 1986 kwenye diski ya kuandikika, na mwaka uliofuata ikafika Marekani ndani ya kaseti yenye betri ndogo, kidonge kama cha saa, kazi yake ni kuilinda kumbukumbu tu. Betri hizo hufa polepole. Kisha zikaja kadi. Kisha, na PS3 ya mwaka 2006, kumbukumbu ikaingia tumboni mwa mashine ikafungiwa humo. Siku hizi wenye intaneti nzuri huituma mbali, kwenye mashine za kampuni, kwa malipo ya kila mwezi. Sisi wa Luofu tulibaki kwenye hatua ya tumboni, ambayo kwa mtu anayekimbia ndiyo mbaya kuliko zote.

*

Fundi hakuwa na haraka. Alipokuwa akingoja jibu alinionyesha bodi nyingine ya PS3, ya mteja mwingine, mgonjwa wa taa ya njano: unabonyeza, kijani, njano, inalia mara tatu, kisha nyekundu inapepesa. Kwenye wagonjwa wa namna hiyo mafundi wengine hung'oa vibati vinavyotunza chaji karibu na prosesa, wakaweka badala yake punje ndogo za njano zenye tantali. Alinimwagia punje chache kiganjani. Ndogo kuliko punje za mahindi.

Tantali hutoka kwenye koltani, na koltani haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Kivu. Rubaya, penye machimbo yake, iko Masisi, na ilishikwa na M23 miezi miwili kabla ya Kanyabayonga. Mwaka 2000, mwaka PlayStation 2 ilipotoka, bei ya tantali duniani ilipanda mara kadhaa kwa miezi michache, na baadaye wakatokea waandishi wa mbali walioviita vita vyetu vita vya PlayStation. Jina hilo sijawahi kulipenda. Linamfanya mtoto wa Ulaya ajione ndiye mwenye hatia na ndiye mwenye ufunguo, na linayasahau mashamba, vitambulisho, wakimbizi wa 1994, na wakubwa wetu wenyewe. Lakini sikuweza kuacha kuangalia kiganja changu. Udongo wa jirani umekwenda Asia, umerudi na pasipoti nyingine, sasa unauzwa kwa dola katika kibanda cha Butembo ili mtu wa Butembo arudishiwe magoli yake. Nikamrudishia punje zake moja moja, nisiangushe.

"Petit," fundi akasema. "Nakungoja."

Nilitaka kujibu mimi. Nina miaka, nina diploma, mimi ndiye ninayelipa. Format, ndugu yangu, tuondoke, mama anatungoja. Na nilikuwa na hoja nyingine kifuani, ile niliyoitumia siku walipofika, kwamba watu wamefiwa, watu wamelala shuleni na makanisani, na wewe unaombolezea namba. Maana faili ile, ukiifungua, haina goli hata moja ndani. Haina mguu uliopiga wala usiku ule mvua ilipokuwa ikipiga bati huko Luofu. Ni namba: umri, mshahara wa uongo, magoli 214.

Nilinyamaza kwa sababu ya jinsi fundi alivyouliza. Alikuwa ameweka chuma chake chini. Alikuwa amefuta mikono kwenye suruali. Mtu huyu, ambaye hatujui jina lake hadi leo, alisimama mbele ya kijana wa miaka 19 kama mtu anayeomba ruhusa ya kuingia nyumbani. Nikapiga hesabu ya wiki zile tangu Juni. Nyumba: nani aliwauliza? Maharagwe ya msimu yaliyokuwa shambani, mbuzi wawili, kitanda cha baba marehemu, mlango niliouchora kwa kisu kila nilipokua inchi moja: nani alisimama mbele ya mama, akafuta mikono, akasema, mama, hivi navifuta, nifute? Hata mwaka 2009 hakuna aliyebisha hodi. Katika yote yaliyotoka mikononi mwa watu wangu, kitu kimoja tu kiliombewa ruhusa kabla hakijafutwa, na ni mchezo wa mpira. Kama mtu atalia mahali fulani, mbona asilie hapo, penye mtu aliyeuliza?

Kasereka alichukua muda. Pikipiki zilipita. Mwanamke mmoja aliuliza bei ya chaja, akajibiwa, akaenda.

"Formati," akasema.

Akaongeza kwa sauti ya chini, akimwambia fundi, si mimi: "Alikuwa nahodha."

"Najua," fundi akasema, ingawa hakujua.

*

Siku tuliyokwenda kuichukua nilikuwa na kadi yangu mfukoni. Sikumwambia mdogo wangu. Fundi alikuwa na PlayStation 2 kuukuu chini ya meza, ya kupimia maneti, na nilimwomba aichomeke kadi, nione tu. Ilitikiswa, ikapulizwa, ikaingia. Kioo kilifikiri. Kisha likatokea umbo la faili, peke yake, likizunguka polepole kwenye kijivu kile kama kitu kilichoning'inizwa. Nilibonyeza kuona maelezo. Ukubwa wake ulikuwapo. Tarehe ilisema Januari 2000, karibu miaka kumi na moja kabla ya Abu Dhabi, kwa sababu betri ya saa ya machini ya sali ilikuwa imekufa zamani na hakuna aliyejisumbua kuirekebisha.

"Una CD ya PES 6?" nikauliza.

Hakuwa nayo. Mjini mzima, akasema, labda kwa mtu mmoja huko Furu, na huenda imekwaruzika. Bila CD hakuna mlango. Mazembe yangu ilikuwa humo ndani, Kidiaba na wote, na mimi ninaizungusha kwa kidole nje ya ukuta. Kasereka aliangalia kioo juu ya bega langu.

"Ipo," akasema.

"Ipo."

Nikachomoa.

Jioni kuran ilirudi mapema. Mwenye nyumba alitupa televisheni. Mama alikuwa mlangoni na ungo, anachagua maharagwe yale ya mbegu, anatenga yaliyotobolewa na wadudu, maana mvua za Agosti zilikuwa zimeanza na alikuwa amepata kipande cha shamba cha kuazima njia ya Musienene. Machini ikawaka kwa mlio wake ule wa wanamuziki wanaotengeneza ala kabla ya tamasha. Haikuwa na kitu. Iliuliza lugha, orodha ilipita Kiingereza, Kijapani, Kiholanzi, na Kiswahili hakikuwamo, akachagua Kifaransa. Ikauliza majira ya saa. Kisha ikauliza tarehe, mistari mitatu ya sifuri na moja ikingoja kujazwa.

"Mama," Kasereka akaita bila kugeuka, "leo tarehe ngapi?"

Mama alipuliza maganda kwenye ungo. "Wiki ya sita," akasema.

Kasereka akakaa na maneti mkononi, anasubiri.

"Tisa," nikamwambia. "Agosti, tarehe 9."

Akaiandika.